Tumempeleka mama kwenye makao ya wazee. Nitajuaje kama anatunzwa kweli?

Shikamoo Mama.

Naishi Njiro, Arusha, nina mume na watoto wawili. Nakuandikia kuhusu mama yangu mzazi. Ana miaka 78, mwenyeji wa Kibosho. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wote wa kulia. Mkono umelala, mguu hauna nguvu, na maneno yamebaki machache, tena ya Kichagga. Kiswahili chake, ambacho alikitumia miaka yote akiuza ndizi soko la Mbuyuni, kimepotea karibu chote.

Alipotoka hospitali tulimrudisha nyumbani. Kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha mdogo wetu wa mwisho, lakini yeye ni mtumishi wa serikali Dodoma, na kaka mkubwa yuko Dar. Tukaweka dada wa kazi, akachoka akaondoka. Tukaweka mwingine, huyo aliondoka usiku bila kuaga mtu. Jirani aliyeleta maziwa asubuhi ndiye aliyemkuta mama chini pembeni ya kitanda, amelowa na baridi imemwingia. Baada ya hapo tukakaa kikao kwa simu, tukakubaliana tumpeleke kwenye makao ya wazee ya binafsi, pembezoni mwa mji wa Moshi. Tunachanga watatu, laki sita kwa mwezi.

Mahali penyewe ni pazuri kwa macho. Vigae vinang'aa, bustani ina maua, kila mzee ana kitanda chake, na msimamizi ni mama mpole ambaye hapokei simu bila kusema "Bwana asifiwe". Kila Jumapili nikitoka ibada ya kwanza napanda gari la Moshi, saa nane mchana niko pale. Namkuta mama amevaa vizuri, nywele zimechanwa, ameketi kwenye kiti barazani. Ila kila nikienda anasinzia. Namwamsha, ananitazama, anashika mkono wangu, anasinzia tena. Msimamizi anasema ni uzee tu, na kwamba siku hizi "hata usumbufu wa usiku umepungua".

Juzi nilimvua soksi nimpake mafuta. Kwenye kisigino cha kulia kuna duara jeusi, saizi ya shilingi mia, laini ukilibonyeza. Nilipoligusa alikunja uso. Nikaambiwa ni soksi zilimbana. Siku hiyo pia alikuwa amevaa kitenge ambacho si chake, na kikombe chake cha maji kilikuwa kimejaa, kipo mezani upande wa kulia.

Mama, mimi si nesi. Sijui hata ninatakiwa kuangalia nini. Kwenye grupu la ukoo shangazi yetu mmoja ameandika kwamba tumemtupa mama yetu tukiwa hai. Kaka mkubwa anasema Desemba tukija wote kula Krismasi tumchukue, arudi nyumbani, basi. Mimi usiku silali. Nimtoe sasa? Nisubiri? Au ni mimi tu mwenye wasiwasi?

Binti wa Kibosho, Arusha

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na kisigino, maana hakisubiri Krismasi.

Duara jeusi, laini, linalouma, kwenye mguu usioweza kujisogeza, ni kidonda cha kulala, hata kama ngozi bado haijachanika. Soksi zimesingiziwa bure. Mguu ukikaa sehemu moja juu ya godoro, nyama inabanwa katikati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama ya ndani huanza kufa wakati ngozi ya juu bado inaonekana nzima. Wewe na mimi tunajigeuza usingizini bila kujua. Mama yako upande ule hawezi, na kama amelewa usingizi, hata upande wake mzima hautumii.

Wiki hii, si Jumapili ijayo, daktari akione hicho kisigino. Hospitali ya Mawenzi au KCMC, popote patakapokuwa rahisi kwenu. Mwombe apime na sukari, na aangalie kama damu inafika vizuri miguuni, maana majibu hayo mawili yataamua kidonda kinapona haraka au kinachukua miezi. Hapo katikati asikitumbue mtu, na asikisugue. Kinachotibu ni kuondoa uzito: mto mwembamba ulazwe chini ya kigimbi, urefu wote, ili kisigino kibaki kinaelea, karatasi iweze kupita chini yake. Waambie pia wasichomeke blanketi kwa kulikaza chini ya godoro. Najua baridi ya mlimani, lakini blanketi zito lililokazwa linasukuma miguu chini usiku kucha. Kikianza kutoa usaha au harufu, au mama akipata homa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Nilipoanza uuguzi, wodini tulisugua migongo na visigino kwa spiriti na poda, na tulijaza maji kwenye glavu tukaziweka chini ya visigino. Mambo hayo yameachwa. Kusugua kunaumiza nyama ambayo tayari imedhoofika, na glavu ya maji haiondoi mgandamizo. Ukiikuta pale, jua kwamba mafunzo yao ni ya zamani. Haina maana kwamba wana roho mbaya, na tofauti hiyo uishike, kwa sababu mtu asiyejua unaweza kumfundisha.

Ukienda, usiishie kwenye soksi. Omba mumgeuze mama pamoja na muuguzi, uone mfupa wa mkia, nyonga zote mbili, viwiko, vifundo vya miguu na kisogo. Karatasi nyingi za mafunzo zinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwa ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyokoza kuliko ngozi ya jirani yake, au ya zambarau, au yenye joto, au baridi, au ngumu, au teketeke. Tumia vidole, usitegemee macho peke yake. Kisha uliza swali moja: "Naomba kuona karatasi ya kumgeuza." Mgonjwa asiyejigeuza kitandani huwa anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na anayegeuza anaandika saa na upande. Akiwa kwenye kiti ndiyo asogezwe mara nyingi zaidi, maana uzito wote uko kwenye makalio. Kama karatasi haipo, hakuna anayejua aligeuzwa lini. Kama ipo, itazame vizuri: karatasi iliyojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, saa zote zimenyooka kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, imejazwa na mtu aliyeketi mezani.

Sasa huo usingizi. Sentensi iliyonishtua kwenye barua yako si ya kisigino, ni ile ya "usumbufu wa usiku umepungua". Umepungua kwa dawa gani? Huenda hakuna dawa. Mzee anaweza kusinzia mchana kwa sababu ya maji kupungua mwilini, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, hata kiharusi kingine kidogo, na usingizi ulioanza ghafla ndani ya siku chache ni wa kupelekwa hospitali. Lakini pia nimeona mahali ambapo bibi anayeita usiku hupewa kidonge cha usingizi ili zamu ipumzike. Diazepamu kwa mzee hukaa mwilini muda mrefu kuliko kwa kijana, na dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi nazo hutumika kwa kazi hiyohiyo. Mzee aliyelewa dawa hali chakula vizuri, hajigeuzi, anapaliwa, na akijaribu kusimama anaanguka. Kwa hiyo mambo yako yote mawili, kisigino na usingizi, yanaweza kuwa jambo moja.

Omba kadi ya dawa. Iwe na jina la kila dawa, kipimo, saa ya kupewa, sahihi ya aliyempa, na jina la daktari aliyeandika. Piga picha, mpelekee daktari wake wa kiharusi. Ila usiende pale ukaamuru dawa ikatwe leoleo. Mtu aliyezoea diazepamu akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege. Daktari ndiye atapanga namna ya kuipunguza.

Na uliza usumbufu wenyewe ulikuwa nini. Mtu aliyepotelewa na maneno anaita kwa sababu amelowa, au mguu unamuuma, au ana kiu, au hajui yuko wapi. Kusahau nako si ajabu kwa umri wake: utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, jirani zenu kabisa, mwaka 2009 hadi 2010, ulikuta kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa wa kusahau. Mzee wa namna hiyo anahitaji taa ndogo usiku na mtu wa kumjibu kwa lugha anayoielewa. Je, pale kuna mhudumu hata mmoja anayejua Kichagga? Tena cha Kibosho, maana wa Rombo akija mtaishia kucheka wote. Kama hakuna, waandikie maneno kumi yale ya lazima, maji, choo, inauma, baridi, nigeuzeni, uyabandike ukutani juu ya kitanda jinsi yanavyotamkwa. Ni kazi ya nusu saa, na mama atapata kueleweka usiku.

Nije kwenye swali lako lenyewe, nitajuaje. Mwanangu, wewe unakagua kile walichokuandalia. Kila Jumapili, saa nane, baada ya ibada. Hata mimi ningemchana nywele. Badilisha siku. Omba ruhusa kazini, uende katikati ya wiki saa moja jioni, zamu zinapobadilishana, au asubuhi mapema kabla watu hawajaoga. Usiende kwa hila wala kwa kunyata. Waambie tangu sasa kwamba utakuwa unapita siku yoyote. Jibu lao tu litakueleza mengi. Makao mazuri yanaweza kukuambia "subiri kidogo barazani, tunamwogesha". Ukiambiwa siku ya wageni ni Jumapili tu na chumbani haruhusiwi mtu, hilo ni tatizo.

Ukishafika, usikimbilie kwa mama. Mtafute kwanza mzee asiyetembelewa na mtu. Kila makao yanaye, mara nyingi yuko chumba cha mwisho. Msalimie, kaa naye kidogo. Angalia kucha zake, midomo yake kama imekauka na kupasuka, macho kama yana matongo ya jana, kikombe chake kiko wapi. Mama yako anatunzwa na watu wanaojua kwamba una simu na mdogo wako ana kazi serikalini. Yule hana wa kumlalamikia. Anavyotunzwa yeye ndivyo mama yako anavyotunzwa saa nane za usiku.

Tusikilize na mdomo. Mhudumu akiingia, anasema "Shikamoo bibi, naomba nikugeuze", au anavuta shuka tu huku akiongea na mwenzake habari za vikoba? Wakati wa kumwogesha mzee, mlango unafungwa? Anaitwa kwa jina lake, mama fulani, au ni "kale kabibi ka kitanda cha tatu"? Mahali ambapo mzee anaamkiwa hata kama hawezi kuitikia, mengi mengine hujiweka sawa.

Kaa mlo mmoja mzima. Hili nalisisitiza kuliko lile la bustani. Baada ya kiharusi koo hulegea, na chakula kinaweza kwenda kwenye mapafu badala ya tumboni, homa ya mapafu inafuata. Aketi wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, vijiko vidogo, mhudumu ameketi, hajasimama juu yake na vijiko vya wazee watatu mkononi. Akikohoa akinywa maji, au sauti ikawa ya kukoroma kama kuna maji kooni, sema hapohapo, na umweleze daktari. Mtori mzito laini ni mzuri kwake kuliko wali mkavu, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Sahani ikirudi jikoni imejaa, sikiliza inaandikwaje. Kuna mahali huandika "amekula" kwa sababu chakula kilipelekwa.

Kile kikombe upande wa kulia nacho hakikuwekwa na adui. Kiliwekwa na mtu anayepita haraka na hajui kwamba mkono wa kulia haufanyi kazi. Lakini matokeo ni yaleyale, mama ana kiu na maji anayaona. Kiwekwe kushoto, kiwe na mkono wa kushikia, kisijae sana. Mkojo wake ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hanywi vya kutosha.

Uzito upimwe kila mwezi, uandikwe. Aliyekuwa na kilo 60 akashuka hadi 57 ndani ya mwezi mmoja amepoteza asilimia 5, na hapo anatafutwa sababu. Asilimia 10 kwa miezi sita nayo hivyo hivyo. Kama hawana mizani ya mtu asiyesimama, pima unene wa mkono wake mzima kwa futi ya cherehani, sehemu ileile kila mara, uandike tarehe. Na kabla hujalaumu chakula, angalia meno yake ya bandia kama anayo bado. Hupotea kwenye mashuka mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Uliza wahudumu wangapi wanakuwa macho usiku, kwa wazee wangapi. Usiulize wako wangapi kwa jumla, utatajiwa hadi mpishi na mlinzi. Tuseme wazee ni 14, na saba hawajigeuzi. Kumgeuza mmoja, kumtazama ngozi na kumbadilisha pampasi ni dakika 15 kwa haraka. Saba mara 15 ni dakika 105, kati ya 120 za kila saa mbili. Msichana mmoja peke yake, tena kazi ambayo kwa usalama wa mgongo wake inataka watu wawili, hawezi. Hata awe malaika. Hapo utajua kwamba kidonda cha mama yako hakitaisha kwa kumgombeza yule binti. Ukipata nafasi, muulize kwa upole kama mishahara inaingia kwa wakati. Na ukiona kila mwezi sura ni mpya, uliza wa zamani wamekwenda wapi.

Uliza pia daftari la matukio, yaani nani alianguka, lini, mlifanya nini. Msimamizi akikujibu kwamba pale hajawahi kuanguka mtu, shukuru kwa jibu, lakini usimwamini. Wazee huanguka kila mahali. Namwamini zaidi anayenifungulia daftari na kunionyesha kwamba mzee fulani alianguka bafuni, wakaweka vyuma vya kushikia. Vigae vinavyokufurahisha wewe ndivyo vinavyoteleza vikilowa. Nimeona makao ya sakafu ya saruji iliyochakaa, na ngozi za wazee safi kama za watoto.

Kitenge cha mtu mwingine usikifanye kesi. Nguo zikifuliwa pamoja hubadilishana, shona jina la mama kwa uzi kwenye kila pindo. Harufu ya mkojo alfajiri, wakati wa kubadilisha, ni ya kawaida pia. Iliyoingia kwenye mapazia na magodoro ndiyo ya kuuliza. Michubuko midogo mikononi kwa mtu anayemeza aspirini hutokea kirahisi, lakini alama za vidole kwenye mikono ya juu, au alama za kamba au kanga kwenye vifundo, hizo hazina maelezo mazuri.

Basi, nimtoe? Kwa haya uliyoniandikia, nisingemtoa leo. Ningeomba kikao na msimamizi na muuguzi wake pamoja, ratiba mkononi. Usiende na ukali, wala usiende na "samahani kwa usumbufu". Sema: kisigino kinapelekwa hospitali siku fulani, nataka mpango wa kumgeuza ulioandikwa, nataka kadi ya dawa, nataka uzito. Tukutane tena baada ya wiki mbili. Kipige picha kidonda, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, andika tarehe. Picha hiyo ni ya daktari. Usiithubutu kuituma kwenye grupu la ukoo, mama yako ana heshima yake. Baada ya wiki mbili utakuwa na picha mbili za kulinganisha, hutakuwa unabahatisha. Kidonda kilichotunzwa kinaweza kuchelewa kufunga, lakini hakipaswi kupanuka, na kisizaliwe kingine.

Kuna mambo ambayo hayana wiki mbili: ukikuta amefungwa kwenye kiti au kitanda, alama za kupigwa, dawa za usingizi ambazo hakuna daktari aliyeziandika, au ukizuiwa kumwona chumbani kwake. Hapo unamtoa, na unapita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla hujafika nyumbani, na polisi ikibidi. Ofisi hiyohiyo ya ustawi ndiyo ya kuuliza kama makao hayo yanatambulika, na nashangaa ni wachache wanaouliza kabla ya kulipa.

Kuhusu shangazi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe iliiweka familia mbele na makao yawe njia ya mwisho, na makazi ya serikali kama yale ya Njoro hapa Moshi ni kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na mtu. Kwa hiyo shangazi hakulitoa hewani. Lakini nyumbani nako kukaguliwe kwa vipimo hivihivi. Kaka akisema Desemba arudi Kibosho, mwambie vizuri, na aandike kwenye grupu wote wasome: nani atamgeuza saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi za usiku, na nani mwezi wa pili, nyote mkisharudi mjini. Laki sita zenu zinaweza kulipa wasaidizi wawili wa kupokezana, pengine hata kununua godoro zuri, kama kuna ndugu mmoja wa damu anayelala nyumba hiyo na kuwasimamia. Bila huyo ndugu mtarudi kwa jirani wa maziwa. Akipatikana, mimi niko upande wa kaka.

Na katika barua yako yote, ndefu hivyo, hakuna mahali ulipoandika kwamba mama aliulizwa. Kupotelewa na maneno si kupotelewa na akili. Dawa zikishapangwa na akawa macho, kaa naye wahudumu wakiwa hawapo, upande wake wa kushoto, mseme Kichagga. Maswali ya ndiyo na hapana, akibana mkono mara moja ni ndiyo. Wanakuumiza? Unaogopa mtu? Unashiba? Unataka kurudi Kibosho? Kisha uliza tena kwa kugeuza: unataka kubaki hapa? Majibu yakipingana, amechoka, jaribu asubuhi nyingine. Yakilingana, yapeleke kwenye kikao cha Desemba kama ya mjumbe mwingine yeyote, tena mzazi wenu.